Daraja Nililoliunga Bila Kuuliza

Wanangu, mie nimeshika sindano tangu sijaota ndevu, na nimeiweka chini juzi tu, macho yalipoanza kunionyesha nyuzi mbili mahali penye uzi mmoja. Nyie mnaojifunza kudarizi kwa mashine ya kompyuta hapa Wete mmenitaka nikwambieni namna tulivyofanya kazi Jeddah. Haya, nitasema. Lakini msitarajie nianze na kazi nilizosifiwa. Nilizosifiwa nimezisahau. Nilizoharibu nazikumbuka mpaka rangi ya nyuzi zake.

Kudarizi nilifunzwa na mama yangu. Alikuwa akishona kofia za mkono, zile za kutoboa tundu kwa tundu, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kike, akanikalisha mie kwenye mkeka. Wenzangu wakipita na mpira wao hunichungulia dirishani wakaniita "Bi Faki". Nililia sana kwa jina hilo. Nilipokwenda Saudia nikiwa kijana, hao hao walionicheka wakaanza kuniletea salamu nyingi, wakiuliza kama kule hakuna nafasi ya mtu asiyejua kushona.

Karakana yetu ilikuwa Al-Mahjar, kusini mwa Jeddah, mitaa ya watu wa kazi. Upande mmoja tulipakana na duka la matairi, upande wa pili na mkahawa wa maharage, kwa hivyo hariri yetu ilinuka mpira asubuhi na bizari ya pilau mchana. Tulidarizi sare za skuli, beji za makampuni, aproni za mikahawa, majoho ya maharusi, chochote kilichokuja mlangoni. Kafili wetu, yule Msaudia aliyetudhamini, alipita mara moja kwa wiki, akinywa kahawa, akiuliza "Kullu tamam?", yaani yote sawa, na kuondoka kabla hatujamjibu. Mkuu wa kazi hasa alikuwa Muallim Bashir, Mpakistani mwembamba mwenye ndevu za hina, aliyekuwepo pale hata kabla mlango haujatiwa.

Muallim hakuwa mtu wa maneno. Kazi yako ikimpendeza, husema "tayyib" na kupita. Isipompendeza, hasemi kitu. Huchukua mkasi mdogo na kuukata mshono mbele ya macho yako, kisha akakurudishia kitambaa kwa adabu kana kwamba anakukaribisha chai. Alinifunza kutokata uzi mrefu kuliko mkono wangu kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko, maana anayetumia uzi mrefu ni mvivu wa kutunga sindano, na mvivu malipo yake ni mafundo. Alinifunza kuuloweka uzi mwekundu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kabla haujagusa kitambaa cheupe. Hilo nililiamini baada ya kanzu moja ya mtoto kugeuka waridi.

Ila ugonjwa wangu mie haukuwa uvivu. Ulikuwa kimbelembele. Nikiona kitu kimepinda, nakinyoosha. Nikiona kimepungua, naongeza.

Sikilizeni kisa cha ngamia. Mwaka wangu wa pili hivi, ilikuja kazi ya aproni za mkahawa mmoja uliosifika kwa nyama ya mwanakondoo. Kwa Kiarabu mwanakondoo ni *hamal*. Mchoro ukaletwa, umeandikwa vizuri, mie nikautazama nikaona herufi ya mwanzo haina nukta. Nikajisemea, masikini, mchoraji kasahau. Nikatia nukta chini ya herufi, nzuri, ya duara, kwa uzi wa dhahabu, aproni thelathini. Wanangu, *hamal* akishatiwa nukta huwa *jamal*, na *jamal* ni ngamia. Mwenye mkahawa alikuja ameshika aproni mkononi. "Watu kumi na tano," akasema, "wameniuliza leo kama nina kitoweo cha nundu!" Muallim akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa mkasi, akanambia nitoe zile nukta zote peke yangu, na nikitoa kila moja niseme, "Sikuuliza." Nilisema mara thelathini.

Ungedhani nimepona. Sikupona.

Miaka ikaenda, mashine za kompyuta zikaingia. Muallim alisimama mbele ya ile ya kwanza mikono nyuma, akaitazama ikishona vitambaa sita kwa pamoja, akanigeukia: "Umeona, Faki? Haiongezi nukta." Tangu hapo kazi nyingi zikahamia kwenye mashine. Mkono ukabakiwa na uzi wa fedha na wa dhahabu, na zile kazi za ajabu ajabu ambazo mtu hutaka kitu kimoja tu, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Kazi ya Nekesa ilikuwa ya namna hiyo.

Ilianza kwa ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, asubuhi moja nikifungua karakana. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Kenya.

"Mzee Faki, shikamoo. Naitwa Nekesa, mtu wa Bungoma, lakini saa hii niko Riyadh. Namba yako nimepewa na binamu yangu, anafanya usafi kwa ile shule ya hapo Jeddah mliyoishonea sare. Mimi naangalia mzee mmoja Mfaransa, babake madam. Mzee, naomba unisaidie. Aki, hii kitu si mchezo."

Nikampigia. Akanieleza yote huku akimenya viazi; nilikuwa nikisikia kisu.

Huyo mzee nyumbani walimwita Papi, yaani babu, na Nekesa naye alimwita hivyo hivyo. Maisha yake yote alikuwa mgawa barua wa kijiji kimoja kidogo Ufaransa. Mkewe alipofariki na akili yake ilipoanza kusahau, bintiye, Madam Elen, ambaye alikuwa daktari katika hospitali moja ya Riyadh, akamchukua aje akae naye. Siku nyingine Papi hulisahau jina la bintiye. Lakini ukutani, juu ya kitanda chake, palitundikwa sahani ya udongo yenye nembo ya kijiji chao, aliyopewa siku alipostaafu. Kila asubuhi kabla ya chai huigusa kwa vidole viwili. Ndipo siku yake huanza.

"Sasa juzi aliitoa akitaka kuipanguza," Nekesa akasema. "Ikamponyoka. Ikavunjika vipande vipande. Madam akavizoa akatupa, ati Papi asivione akaumia. Lakini mimi nilikuwa nimeshavipanga vipande kwa meza ya jikoni nikapiga picha. Tangu siku hiyo, Mzee, hali chakula. Anatafuta mlango. Jana mlinzi wa geti amempata na magazeti kwapani, anaenda nyumba kwa nyumba akigawa barua. Madam amesema kiangazi kikifika anampeleka kwao, nyumba ya wazee. Na mimi ndiye namjua. Huko nani atamjua?"

"Unataka nikufanyie nini, mwanangu?"

"Unishonee ile nembo kwa kitambaa. Kitambaa hakivunjiki."

Nani angekataa? Nikamwambia alete picha.

Picha yenyewe ilikuwa taabu. Vipande kumi na kitu vimesogezwa pamoja, nyufa kila upande, na hapa na pale pengo mahali ambapo kipande kimepotea. Lakini ngao ilionekana. Ilikuwa ya buluu. Juu palikuwa na kombe la pwani la rangi ya dhahabu, limefunguka kama kipepeo. Kulia na kushoto, mashuke mawili ya ngano. Chini, mistari ya mawimbi. Na katikati daraja jeupe la mawe, tao upande huu na tao upande ule, na baina yao pengo.

Mie nikaona: hili ni pengo la sahani. Kipande kimekwenda na ufagio. Daraja lisilo na tao la katikati ni daraja gani?

Nikaanza kazi kila baada ya alasiri, wateja wakipungua. Nilitumia atlasi nzito ya buluu, kile kitambaa laini cha kung'aa, na daraja nikalilaza kwa uzi wa fedha. Hapa vijana nisikilizeni, maana mashine yenu haiwezi hili. Uzi wa fedha haupitishwi ndani ya kitambaa; ukiupitisha unachubuka na kufa. Unaulaza juu, unaufunga kwa vishono vidogo vya hariri nyembamba, kishono hapa, kishono pale, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Ncha zake tu ndizo zinazozamishwa nyuma. Ukifanya hivyo, hung'aa kila anapogeuka mtazamaji. Nilijenga tao la kwanza, la tatu, na kisha nikajenga la katikati kwa mapenzi makubwa kuliko yote, maana lilikuwa langu. Nililitungia mawe yake mie mwenyewe.

Siku ya mwisho Muallim akaja akainama juu ya fremu. Alikuwa ameshazeeka, miwani yake minene kama chini ya gilasi. Akaitazama picha kwenye simu, akaitazama kazi.

"Hili tao la kati," akasema, "umemuuliza mwenyewe?"

"Nimeuliza," nikamjibu.

Nilimdanganya. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu kazi ilikuwa imependeza, na mtu akishapendezwa na kazi yake hataki maswali.

Tukaipeleka Riyadh kwa gari la mizigo. Siku mbili nikingoja simu ya furaha. Ya tatu simu ikalia.

"Mzee Faki." Sauti ya Nekesa ilikuwa ndogo. "Ameikataa."

"Ameikataa vipi?"

"Nilimpatia asubuhi. Akafurahi, akagusa kombe, akagusa ngano. Akafika kwa daraja, akasimama. Akapitisha kidole, akarudisha, akapitisha. Halafu akaanza kulia. Anasema si kwao. Anasema tumempeleka mahali si kwao. Madam ametoka kazini amekuta hiyo kelele, akaniuliza hiki kitambaa kimetoka wapi na nani aliniruhusu. Mzee, ameniambia niache kuamua mambo ya babake. Nafikiri ananirudisha Kenya."

"Kwani daraja lina nini?"

"Sijui! Mimi hiyo sahani nilikuwa naipanguza tu vumbi. Sikuwahi kuiangalia."

Nikakata simu, nikakaa. Muallim alikuwa akikata chaki upande wa pili wa meza. Hakuinua kichwa.

"Umetia nukta tena," akasema.

"Muallim, sikumuuliza. Nilikudanganya."

"Najua. Mtu aliyeuliza hujibu kwa maelezo. Wewe ulijibu kwa neno moja." Akanisogezea mkasi wake mdogo, ule ule. "Yalla. Nenda ukaitoe."

"Wairejeshe kwa gari la mizigo?"

"Kosa halirejeshwi kwa mizigo, ya Faki. Miguu unayo."

Nikapanda basi alfajiri. Jeddah hadi Riyadh ni jangwa la siku nzima, na siku nzima nilikuwa nikijipangia maneno ya kumwambia huyo daktari. Nikafika jioni, nikalala kwa Mpemba mwenzetu mmoja mtaa wa Batha, na asubuhi ya Ijumaa, nikijua Madam atakuwa mapumzikoni, nikachukua teksi mpaka kwenye makazi yao.

Nekesa ndiye aliyefungua mlango. Nilimfikiria mtu mzima. Kumbe msichana wa miaka ishirini na sita, saba, mrefu, macho yamevimba. Akanipokea mkoba kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Mzee, umekuja kweli." Nyuma yake alisimama Madam Elen, mwanamke wa nywele fupi za mvi, uso wa mtu asiyelala vizuri. Tulizungumza Kiarabu. Chake kilikuwa cha hospitali, cha kuuliza unaumwa wapi na tangu lini, kwa hivyo nilipomsalimu nusura nimwonyeshe ulimi.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza.

"Ndiye mie, Madam. Na huyu msichana hana kosa. Kosa ni langu."

Akatuongoza hadi kwenye meza ya kulia. Kitambaa changu kilikuwa pale, kimekunjwa. Akakikunjua.

"Ni kazi nzuri sana," akasema, na aliposema hivyo ndipo nilipoona haya zaidi. "Lakini nani alikwambia utengeneze daraja letu?"

"Nilidhani limevunjika."

"Limevunjika," akasema. "Ndiyo maana yake."

Nikakitazama kitambaa changu. Nadhani akanionea huruma, maana nilikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akavuta kiti, akanielekeza nikae, akaanza kunionyesha kimoja kimoja kwa kidole, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Hili kombe ni la mahujaji. Zamani watu walikuwa wakienda kuhiji kwa miguu kwenye kanisa moja la mbali, wakavaa kombe kifuani ili wajulikane. Njia yao ilipita kijijini kwetu. Sisi tuliwapa maji na mahali pa kulala. Buluu siyo mbingu, ni mto. Na kijiji kina ng'ambo mbili, ya juu na ya chini, ndiyo maana mashuke ni mawili."

Nikamwambia kwamba na mie naishi kwenye mlango wa mahujaji wa Makka, na kwamba wazee wetu walipofika Jeddah kwa meli, watu wa pale waliwapa maji vile vile. Akatabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la kwanza.

"Na daraja?" nikauliza. Safari hii nikauliza.

"Mafuriko ya zamani yalilivunja. Skuli walitufunza hivyo. Lilikuja kujengwa jipya, lakini kwenye nembo likaachwa limevunjika, ili tusisahau."

Pale pale mlango wa chumba ukafunguka, akatoka Papi. Mzee mdogo, safi, sweta limefungwa vifungo mpaka kooni, magazeti kwapani. Akaja moja kwa moja kwangu. Akachomoa gazeti moja, akalitazama juu na chini kana kwamba anasoma anwani, akanikabidhi.

Nikasimama. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia neno moja la Kifaransa ninalolijua: "Mersi." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyemaliza kazi yake vyema. Kisha macho yake yakaangukia kitambaa mezani, na mdomo ukaanza kumtetemeka.

"Madam," nikasema, "niruhusu nilitoe. Hapa hapa. Mbele yake."

Akasita. "Ataumia tena."

Nekesa ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza, taratibu, na mie nilielewa kwa sauti tu. Baadaye aliniambia alichosema: "Madam, ameumia kwa sababu alikiona kikiwa si chenyewe. Mwache akione kikirudi."

Nikakigeuza kitambaa. Msichomoe kazi kwa mbele hata siku moja, wanangu; mtachana. Geuzeni, mtafute vile vishono vidogo vya kufungia, mkate kimoja, mruke viwili, mkate kingine. Kisha rudini mbele mvute uzi wa fedha kwa kucha, pole pole, nao utakuja wenyewe kama nywele zinavyotoka kwenye kitana. Papi alikaa kando yangu. Nekesa alimshika bega. Uzi wa kwanza ulipotoka akaacha kutetemeka. Wa pili ulipotoka akasogeza kiti. Jiwe moja likaondoka, na la pili, na buluu ikaanza kuonekana chini yake.

Akaanza kusema.

Madam Elen aliinua mkono wake tuwe kimya, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. Miezi mingi, Nekesa alinieleza baadaye, Papi hakuwa ameunga sentensi mbili. Sasa alikuwa akisema kwa utulivu, macho kwenye mkasi wangu. Madam alinitafsiria kwa Kiarabu. Kikamwishia, akaingia Kiingereza, na Nekesa akakipokea kwa Kiswahili. Maneno ya mzee yalinifikia yakiwa yamepita mikono miwili, na bado yalikuwa na joto.

"Siyo maji," alisema. "Ni sisi."

"Papi, mafuriko," bintiye akamwambia.

Akatikisa kichwa. Akasema kuna bibi mmoja wa ng'ambo ya chini, ambaye yeye Papi alikuwa akimpelekea barua kila Jumanne, naye bibi huyo aliambiwa na bibi yake. Mto ulipojaa, ulileta magogo, magogo yakakwama kwenye daraja, daraja likawa kama ukuta. Maji hayakuwa na pa kupita. Yakageuka, yakaanza kuingia kwenye nyumba za ng'ambo ya chini. Watu wa ng'ambo ya juu wao walikuwa salama. Lakini walifungana kamba viunoni, wakaingia juu ya daraja na sururu na nyundo, wakalivunja tao la kati kwa mikono yao. Maji yakapita. Nyumba zikasalia.

"Na wao wakabaki bila daraja," Papi akasema. "Soko lilikuwa ng'ambo, kanisa lilikuwa ng'ambo. Miaka mingi. Walipotaka kuchora nembo, watu wa juu walisema lichorwe zima, lipendeze. Watu wa chini ndio waliokataa. Walisema: lichoreni kama mlivyotuachia."

Uzi wa mwisho ukatoka. Pengo likawa wazi. Papi akapitisha vidole viwili kwenye tao la kwanza, akateremka kwenye buluu, akapanda tao la pili.

"Haya," akasema. "Sasa yanapita."

Madam Elen aligeukia dirishani. Halafu akamwuliza Nekesa, bila ukali, "Mbona hukuniambia kwamba unaishonesha?"

"Ungekataa, Madam."

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa."

Nekesa akaenda kupasha moto supu. Papi akala bakuli zima na kipande cha mkate, huku kitambaa kiko magotini mwake, na kila mara akinitupia jicho, akitaka kujua kama nimeshaisoma barua yangu. Nikalifungua lile gazeti la Kiingereza nikajifanya nasoma. Nikaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba habari ni njema. Akaridhika.

Nilibaki mpaka magharibi. Pale palipong'olewa palikuwa na vitundu vya sindano, maana atlasi haisamehe upesi. Mkipatwa na hilo, kwaruzeni kwa ukucha upande wa nyuma, mpitishe mvuke wa pasi bila kuigusa, na vitundu vitakavyokataa kuziba vifunikeni kwa mshono. Mie nilivifunika kwa mawimbi, nikayapandisha maji kidogo ndani ya pengo. Safari hii kila wimbi nililimwuliza Madam. Mwishowe akachoka: "Fundi, basi, nakuamini." Nikamwambia, "Usiniamini, Madam. Tazama tu."

Sitakudanganyeni kwamba Papi alipona. Ugonjwa ule hauna kurudi. Aliendelea kusahau, na siku nyingine bado alitoka na magazeti yake. Ila alikuwa akila, na kila asubuhi aligusa kitambaa ukutani. Kiangazi kilipofika, hakupelekwa nyumba ya wazee. Madam Elen alikataa kutia saini mkataba mpya wa hospitali, akamrudisha kijijini kwenye nyumba yake mwenyewe, akakaa naye. Nekesa alikubali kwenda nao kwa muda wa viza yake, ili mzee asikose uso anaoujua.

Nilipata ujumbe wake wa mwisho majira ya baridi. Nilikuwa karakana, Muallim akiwa kwenye kiti chake, nikauweka kwa sauti ili naye asikie, ingawa Kiswahili hakujua. Nilimfasiria baadaye.

"Mzee Faki, shikamoo. Papi ametuacha. Alilala tu, asubuhi hakuamka. Jana tumemzika. Kile kitambaa chako Madam alikitandika juu ya jeneza. Watu walijaa, Mzee, kumbe kila mtu hapa alikuwa amewahi kupokea barua yake. Halafu akaja shosho mmoja, nyanya mzee sana, na fimbo. Akanishika mkono, akaniuliza kitu. Mimi Kifaransa changu ni cha jikoni, sikuelewa. Madam akanitafsiria: anauliza wewe ni wa ng'ambo gani, ya juu ama ya chini? Hapa watu wote ni wa ng'ambo moja ama nyingine, na siku ya mazishi kila ng'ambo inasimama upande wake. Sasa mimi ningejibu nini? Mimi mtu wa Bungoma. Nilikuwa nimesimama huko nyuma kabisa, karibu na geti. Nikaangalia chini."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Madam akamjibu yeye mwenyewe. Akanishika hivi kwa mkono, akanitoa kule nyuma, akanisimamisha kando yake. Akamwambia yule shosho: huyu ni wa ng'ambo yetu."